Mdomo Kiganda, Karatasi Kiingereza



Kila inapokaribia Julai 7, Siku ya Kiswahili Duniani, Kampala hukumbuka ugomvi wake wa zamani. Wakubwa hupanda jukwaani na salamu za Kiswahili walizozikariri asubuhi ile ile. Wasomi huandika magazetini. Kwenye redio zetu wapigaji simu hugawanyika: huyu anasema Kiingereza kimetuunganisha na kisiguswe, yule anataka Kiswahili kwa kuwa ni lugha ya Jumuiya ya Afrika Mashariki, na wengine, hasa huku kwetu Lubaga, wanauliza kwa nini mtu anayeishi karibu na lango la Kabaka, mfalme wa Buganda, ahudumiwe na serikali kwa lugha aliyoipanda mwingine. Hasira huwaka siku mbili tatu. Halafu Julai inaendelea kama miezi mingine.

Mimi leo naomba tushuke jukwaani, twende kaunta.

Kwa msikilizaji asiyeijua Lubaga: ni moja ya divisheni tano za jiji hili. Ndani yake kuna Mengo na Bulange, ambako Lukiiko, yaani bunge la Buganda, hukaa. Kuna kanisa kuu la Wakatoliki kwenye kilima chenyewe cha Lubaga, na la Waanglikana pale Namirembe. Kuna makaburi ya wafalme pale Kasubi. Halafu kuna Nateete, Ndeeba, Nakulabye, Kawaala na Busega, mitaa ya watu wanaoamka alfajiri na mapema kuitafuta riziki. Ingia ofisi yoyote ya umma humu. Utaitwa Ssebo au Nnyabo, utaulizwa habari za nyumbani, na salamu ya Kiganda, kama unavyojua, haina haraka. Utaieleza shida yako kwa Kiganda na karani atakujibu kwa Kiganda, hata kama yeye kwao ni Mbarara au Soroti, maana ukikaa Kampala miaka miwili bila Kiganda watu wa sokoni watakumaliza. Mpaka hapo serikali ni yetu kabisa. Kisha karani anavuta droo, anatoa karatasi, na karatasi ni Kiingereza kutoka juu mpaka chini.

Karani atakueleza kwa sentensi mbili kile kilichoandikwa kwa kurasa mbili. Simlaumu. Ana foleni ya watu nyuma yako, na hakuna aliyemwajiri kuwa mkalimani. Anafanya kwa wema wake tu. Atakuonyesha mahali pa kuweka sahihi, na kama huna sahihi, kidau cha wino kiko pale pembeni. Wewe unaondoka ukiwa umekubali jambo. Jambo gani hasa? Lile alilokuambia karani kwa mdomo, au lile lililoandikwa? Siku mambo yakiharibika, mahakama itaisoma karatasi. Maneno ya karani yalishapeperuka zamani.

Sasa nikupe kitu ambacho wengi hawakijui. Uganda tunayo sheria ya tangu enzi za mkoloni, sheria ya kuwalinda watu wasiojua kusoma. Ni fupi, unaweza kuimaliza kabla chai haijapoa. Lakini tazama inavyomweleza mtu asiyejua kusoma. Haisemi ni yule ambaye hakwenda shule. Inasema ni mtu asiyeweza kusoma na kuelewa maandishi, au lugha, ambayo hati husika imeandikwa. Kwa hiyo mzee wa Lungujja anayenunua gazeti la Bukedde kila asubuhi na kulimaliza mpaka matangazo ya vifo, katekista anayesoma Biblia ya Kiganda kanisani Jumapili mbele ya umati, mama anayeweka daftari la mikopo ya kikundi chake bila kukosea shilingi, wote hawa mbele ya karatasi ya Kiingereza ni watu wasiojua kusoma. Sheria inasema hivyo wazi, tena inasema kwa nia njema, kwa sababu inaendelea kudai kwamba anayemwandikia mtu kama huyo hati aandike chini yake jina lake mwenyewe kamili na anwani yake, na kwa kufanya hivyo anathibitisha kwamba alimsomea na kumfafanulia.

Jina na anwani. Naipenda sana sheria hii. Inamtaka mtu mmoja, mwenye jina, abebe dhamana ya ufafanuzi. Sasa zitazame fomu zilizochapwa tayari. Nyingi nilizoziona mimi zina nafasi ya jina lako, jina la baba yako, kijiji, parokia na simu. Nafasi ya jina la aliyekufafanulia utaitafuta sana. Mfafanuzi hayupo kwenye karatasi. Na pengine alikuwa mtoto wako wa miaka kumi na miwili, aliyekosa shule siku hiyo ili akamkalimanie mama yake kuhusu ugonjwa ambao mama asingependa mtoto aujue.

Nje ya ofisi biashara ya lugha inakwenda vizuri. Kuna vibanda vya fotokopi, na ndani yake kijana mwenye kompyuta anayejua fomu zote kwa kichwa. Kuna kayungirizi, dalali wetu wa mjini, ambaye kwa bei ya mapatano atakujazia fomu, atakupigisha picha na kukuonyesha dirisha la kwenda. Serikali inaposema haina fedha za kutafsiri fomu, ina maana gharama hiyo tayari inalipwa pale nje, kila siku, na watu wenye kipato kidogo kuliko wote, bila risiti.

Wengine watasema Kiganda hakiwezi kubeba shughuli za dola, ni lugha ya nyumbani na ya harusi. Nawashangaa wanaoyasema haya wakiwa wamesimama juu ya vilima hivi.

Mvumbuzi Stanley alipofika Buganda 1875, ikulu ya Kabaka Mutesa wa Kwanza ilikuwa kilimani Lubaga. Mutesa alikijua Kiswahili, alikuwa amekipata kwa wafanyabiashara wa pwani, na mambo ya nchi na wageni yalizungumzwa kwa Kiswahili hapo hapo kabla Kiingereza hakijawa na ofisi hata moja Uganda. Stanley alipoondoka, alimwacha kijana aliyeitwa Dallington Maftaa, aliyesomeshwa na wamisionari Zanzibar. Kijana huyu ndiye aliyekuwa akimwandikia Kabaka barua za Kiingereza. Hebu fikiri, msikilizaji: mfalme mwenye jeshi na mitumbwi ya vita, na bado barua inatoka kwake kwa lugha asiyoweza kuisoma, dhamana yote ikiwa juu ya kalamu ya kijana wa watu. Leo mfalme hayumo katika foleni hiyo. Tumo sisi.

Baadaye Alexander Mackay, mmisionari fundi, akaweka mtambo wake wa kuchapisha Nateete. Ndiyo, Nateete hii hii ya teksi na matope. Waumini wa kwanza walikuwa wakisoma vitabu vya Kiswahili vilivyoletwa kutoka pwani, na pale Nateete karatasi za Kiganda zikaanza kuchapwa. Haukupita muda mrefu Apolo Kaggwa, Katikiro, yaani waziri mkuu wa Buganda, akawa anaandika vitabu vizima vya historia na mila kwa Kiganda. Serikali ya Mengo ikaendesha shughuli zake kwa lugha hiyo: barua kwa machifu, orodha za ardhi, kumbukumbu za Lukiiko, hukumu za mahakama za Kabaka. Watu walifilisiwa kwa Kiganda, walirithishwa kwa Kiganda, walifungwa kwa Kiganda. Hali ikaendelea hivyo mpaka Mei 1966, jeshi lilipoivamia Lubiri, ikulu ya Kabaka, na katiba ya 1967 ikafuta falme. Tangu falme zirudi 1993, Lukiiko pale Bulange inajadili kwa Kiganda kama zamani, ingawa haina tena dola ya kuamuru. Mtu akiniambia kazi hii haiwezekani, namwambia ilifanyika zaidi ya nusu karne, kwa taipureta.

Lakini iko hati moja ambayo kwangu ndiyo kitovu cha jambo lote. Mkataba wa Buganda wa 1900. Ulitiwa sahihi Mengo tarehe 10 Machi mwaka huo. Upande mmoja alikuwepo Harry Johnston kwa niaba ya Malkia. Upande wa pili walikuwepo machifu na mawaziri watatu waliomshikia nafasi Daudi Chwa, Kabaka aliyekuwa bado mtoto mdogo: Apolo Kaggwa, Stanislas Mugwanya na Zakaria Kisingiri. Mkataba uliandikwa kwa Kiingereza na kwa Kiganda. Ni jambo la heshima, utasema. Subiri. Kifungu cha 22, karibu kabisa na mwisho, kinasema kwamba ukifika wakati wa kufasiri mkataba, nakala ya Kiingereza ndiyo itakayozifunga pande zote mbili. Yaani soma Kiganda chako, furahi nacho, lakini ulichotia sahihi ni kile cha Kiingereza. Na mkataba huo ndio uliogawa ardhi ya maili, ambayo mpaka leo inawapeleka watu wa Lubaga mahakamani.

Kifungu hicho hakikufa mkataba ulipokufa. Kimehamia kwenye droo ya karani.

Na ardhi ndiyo mahali ambapo unyonge huu unaonekana wazi zaidi. Mtu akinunua kibanja, kipande cha ardhi cha kukalia, huku kwetu, mauziano huandikwa kwa Kiganda. Inaitwa endagaano. Majirani wanakuja, mipaka inatajwa kwa miti na mitaro, ssentebe, mwenyekiti wa baraza la mtaa (LC), anagonga muhuri, mashahidi wanatia sahihi. Kila aliyekuwepo ameielewa, pamoja na bibi kizee aliyekaa kwenye mkeka. Ni hati ya serikali ya chini kabisa, na ndiyo pekee ambayo pande zote zimeisoma. Ukitokea ugomvi, ikafika mahakama kubwa, endagaano inaambiwa ikatafutiwe kwanza tafsiri ya Kiingereza iliyothibitishwa, na gharama ni ya mwenye hati. Kumbe hati inayoeleweka ndiyo inayohitaji kufafanuliwa.

Hapo mtu ataniuliza: je, katiba haijasema lolote? Imesema, na iliyoyasema yanavutia. Ibara ya 6 ya katiba ya 1995 iliweka Kiingereza kuwa lugha rasmi, lakini ikaruhusu lugha nyingine yoyote itumike shuleni, katika kutunga sheria, katika utawala na mahakamani, kwa jinsi sheria itakavyoelekeza. Mlango haukufungwa hata kidogo. Mwaka 2005 ikarekebishwa, Kiswahili kikawa lugha rasmi ya pili, kitumike mahali Bunge litakapopanga kwa sheria. Miaka 17 ikapita. Julai 2022 Baraza la Mawaziri likakaa, kufuatia uamuzi wa wakuu wa Jumuiya ya Afrika Mashariki, likapitisha tena Kiswahili kuwa lugha rasmi na likataka kifundishwe kwa lazima shuleni. Tumelitangaza jambo moja mara mbili, na fomu ziko vile vile.

Sasa fungua ibara ya 23. Ukikamatwa, ni lazima uelezwe sababu kwa lugha unayoielewa. Fungua ya 28. Ukishtakiwa, uelezwe kosa kwa lugha unayoielewa, na kama huielewi lugha ya mahakama upewe mkalimani bila kulipa. Ndiyo maana katika mahakama ya Mengo utamsikia mkalimani akimgeuzia mshtakiwa maneno ya hakimu. Majaji wetu wamesisitiza pia kwamba mtuhumiwa anayekiri polisi, maelezo yake yaandikwe kwa lugha aliyoyatolea, kisha Kiingereza kifuate. Haki nzuri kabisa, na ninaitetea. Ila umeona zilipokaa? Katiba inakuhakikishia lugha yako siku ya pingu. Siku unapotafuta cheti cha kuzaliwa cha mtoto, siku unaporidhia upasuaji, siku unapopewa ilani ya kubomolewa kibanda, hapo jitegemee.

Hata polisi, haki hiyo inamlinda mshtakiwa kuliko mlalamikaji. Mama ameibiwa Ndeeba. Anafika kituoni, anasimulia kwa Kiganda. Askari anaandika kwa Kiingereza, anamsomea kwa Kiganda, mama anatia sahihi chini ya Kiingereza. Mwaka unapita. Mahakamani wakili wa mshtakiwa ananyanyua karatasi ile: mama, hapa ulisema wizi ulitokea saa nane, leo unasema saa mbili, tukuamini lini? Mama anashangaa. Kiganda kinahesabu saa kama Kiswahili, saa mbili usiku ni saa mbili usiku, na mkono uliokuwa ukigeuza saa kule kituoni haukuwa wake. Kesi inalegea. Mwizi anarudi Ndeeba, na mama anaonekana mwongo kwa sentensi ambayo hakuitamka.

Nisieleweke kwamba serikali haijui kutafsiri. Inajua sana. Miradi yake ya mikopo iliipa majina ambayo mtu wa kijijini hakuhitaji kamusi kuyaelewa: Entandikwa, Bonna Bagaggawale, Emyooga. Mabango ya kampeni yanakuja kwa Kiganda safi. Chanjo ikifika, matangazo yanakuja kwa lugha zetu. Bukedde lenyewe linachapishwa na Vision Group, kampuni ambayo serikali ndiyo mwenye hisa nyingi kuliko wote, na linauzwa kwa sababu linasomeka. Na Septemba 2009, ghasia zilipozuka na kituo cha polisi cha Nateete kikachomwa moto, serikali iliifunga redio ya CBS ya pale Bulange, inayotangaza kwa Kiganda, kwa zaidi ya mwaka mmoja. Hakuna anayeifunga redio ya lugha isiyo na nguvu. Serikali inapomhitaji raia, inamfuata kwenye lugha yake. Raia anapoihitaji serikali, ndiye anayetakiwa kuifuata kwenye lugha ya serikali.

Sasa Kiswahili. Najua kuna wanaonisubiri hapa, maana ninayesema ni mtangazaji wa Kiswahili, na kazi hii ndiyo inayonilisha.

Waganda wanakitazama Kiswahili kwa jicho la pembeni, na si kwa ujinga. Gavana William Gowers alitoa waraka mwaka 1927 akitaka Kiswahili kiwe lugha ya elimu na utawala Uganda. Kabaka Daudi Chwa akapinga kwa maandishi, na maaskofu nao wakapinga. Wakati ule kulikuwa na mpango wa kuziunganisha Uganda, Kenya na Tanganyika, na Waganda walikuwa wameona walowezi walivyoichukua ardhi ya Kenya. Kwao Kiswahili kilikuja kikiwa kimeshikana mkono na muungano huo. Kikabaki na askari na makambi. Idi Amin akakitangaza kuwa lugha ya taifa mwaka 1973, na hilo pekee lingetosha kukiharibia jina. Kisha ikaja miaka ya themanini ya panda gari, misako ambayo vijana wa Kampala walisombwa kwenye malori kwa amri za Kiswahili. Watu wazima wa Lubaga wanayakumbuka maneno yale na sauti zilizoyatamka. Ukimletea mtu kama huyo kijitabu cha Jumuiya na kumwambia Kiswahili ni lugha ya upendo na ujirani, usishangae akikutazama tu.

Kwa hiyo nasema, na wenzangu wa Kiswahili wanisamehe: karatasi ya kwanza kutafsiriwa Lubaga iwe ya Kiganda. Tukianza na Kiswahili kwa kuwa ndicho kilichotajwa kwenye katiba, tutakuwa tumempelekea mama wa Ndeeba karatasi ya pili asiyoweza kuisoma, tukapiga picha na kuandika ripoti.

Ila Kiswahili kina watu wake hapa hapa, nao si wa pwani wala wa majukwaani. Uganda inawapokea wakimbizi zaidi ya milioni moja na nusu, na si wachache kati yao waliotoka mashariki ya Kongo. Waliokimbilia Kampala hawakuja na Kiingereza wala Kiganda. Wamekuja na Kiswahili chao cha Bukavu na Goma. Mama wa Kikongo anayejifungulia Lubaga anaelewana na nesi kwa Kiswahili cha kubahatisha, mmoja akitoa anachojua na mwingine akikisia. Yuko mtu wa Arua aliyehamia Nakulabye, na Kiswahili ndicho anachozungumza na jirani kabla hajajifunza Kiganda. Kwa watu hawa nakala ya Kiswahili ingekuwa huduma ya kweli, na karani angeitoa mtu akiiomba. Tukipita njia hiyo Kiswahili kinaweza hata kusafisha jina lake huku. Noti zetu za shilingi tayari zina maandishi ya Kiswahili na hakuna aliyezikataa sokoni.

Pingamizi lililo zito zaidi ni la Mwacholi wa Kasubi. Anasema: Kampala ni mji mkuu wa wote. Katiba inataja jamii 65 za asili. Mkiandika fomu za Kiganda leo, kesho mtanifanyia usaili wa Kiganda, na keshokutwa nitaambiwa nirudi kwetu. Kiingereza si cha mtu, ndiyo maana hakimwonei mtu. Simpuuzi. Ameitwa majina kwenye teksi kwa sababu ya lafudhi yake, na anajua anachokisema. Jibu langu ni kwamba Kiingereza kisiondoke. Kibaki pale pale, upande wa kushoto wa ukurasa, na Kiganda kiwe upande wa kulia. Kule Gulu upande wa kulia uwe Kiacholi, na Mganda anayeishi Gulu asipewe zaidi ya hapo. Lakini kusema Kiingereza hakimwonei mtu hapana, hilo sikubali. Kinamwonea kila ambaye hakupata karo, awe Mwacholi au Mganda.

Na kuna ugumu mwingine ambao wapenzi wa Kiganda hawapendi kuutaja. Vijana wetu wa mjini hawakisomi. Mtaala wa 2007 uliagiza watoto wa vijijini wafundishwe kwa lugha ya mama kwa miaka mitatu ya kwanza, lakini shule za Kampala zinaanza na Kiingereza tangu darasa la kwanza, na wazazi ndivyo wanavyotaka. Matokeo yake ni kwamba katika nyumba moja ya Busega bibi anasoma Kiganda tu, na mjukuu anayekizungumza Kiganda kutwa nzima anakwama kwenye irabu zake mbili mbili. Ndiyo sababu nyingine ya kuziweka lugha mbili ubavu kwa ubavu. Bibi na mjukuu wataisoma fomu pamoja, kila mmoja kwa upande wake, na wakigundua hazifanani watauliza.

Hata Tanzania, ambako Kiswahili ni lugha ya kila mtu, sheria ya kukifanya Kiswahili kuwa lugha ya mahakama ilipitishwa 2021 tu, karibu miaka sitini baada ya uhuru. Jaji Zephrine Galeba aliandika hukumu kwa Kiswahili kule Musoma, likawa jambo la kutangazwa nchi nzima, na mwanzoni mwa mwaka huo Rais Magufuli akampandisha cheo. Ikiwa wao walichelewa hivyo, sisi wa lugha nyingi hatuwezi kusubiri ikamilike kwa mkupuo mmoja. Tuanze na karatasi zinazomfunga mtu: fomu ya kuridhia upasuaji, maelezo ya mlalamikaji na shahidi polisi, mikataba ya mikopo ya serikali, ilani za kubomoa na kuhamisha. Chini ya kila moja pawe na mstari wa jina na anwani ya aliyeifafanua, kama ile sheria ya zamani inavyodai. Wakala wa ukaguzi hahitajiki. Mtu akijua jina lake litabaki pale, sentensi mbili za maelezo zitakuwa kumi. Na viziwi wasisahauliwe, kwa kuwa katiba yetu iliitaja lugha ya ishara tangu 1995 na bado kiziwi anafika kaunta na kalamu na daftari.

Limebaki moja, nalo wanasheria wa serikali watalipinga kuliko yote niliyosema. Nakala mbili zikigongana, ipi itawale? Desturi yao, tangu Mengo ya 1900, ni kwamba Kiingereza ndicho kinachofunga. Mimi nataka fomu iseme kinyume chake, kwa maandishi yanayosomeka, juu kabisa ya mahali pa sahihi: nakala itakayomfunga mtu ni ile aliyotia tiki kwamba ameisoma au amesomewa. Kama idara itaona nakala yake ya Kiganda haikutafsiriwa sawasawa, hasara iwe ya idara iliyoitoa, nayo itatafuta watafsiri wazuri haraka kuliko ilivyowahi kutafuta kitu chochote. Simu ziko wazi sasa. Yuko msikilizaji wa Najjanankumbi kwenye laini ya kwanza, karibu.